Kila Saiti Ijulikane Imekula Nini
Mkandarasi mwenye saiti Kigamboni, Mbezi na Kibaha anaweza kuona faida mwisho wa mwaka asijue kwamba saiti moja imemeza jasho la mbili. Programu ya uhasibu inalo jibu, ila wengi hawaligusi: TallyPrime ina vituo vya gharama, na vifurushi vya juu vya QuickBooks Online vina sehemu ya miradi. Badala yake watu hufungua akaunti mpya kwa kila kazi, "Saruji Mbezi", "Saruji Kibaha", "Nondo Mbezi", mpaka orodha haisomeki. Saruji ibaki akaunti moja. Mradi uwe alama inayobandikwa kwenye kila muamala. Lori likishusha mifuko 100 Mbezi na 50 Kibaha kwa ankara moja, igawanye katika mistari miwili siku hiyohiyo, kwani baada ya wiki mbili hata dereva hakumbuki. Kodi ya ofisi iwe na fungu lake. Kuibebesha kodi hiyo saiti yenye fedha nyingi ni kuionea. Na majina ayaamue mtu mmoja. "Kibaha" na "Kibaha Maili Moja" yakiingia yote kwa kazi ileile, ripoti itaukata mradi vipande viwili, na zabuni ijayo itapangiwa bei kwa takwimu pungufu.