Mrija wa Nyongo Una Tarehe Yake

Kijiwe kikiziba mfereji wa nyongo, macho huwa ya manjano na mkojo hukolea kama chai ya rangi. Katika hospitali kubwa kama Muhimbili, daktari hupitisha mpira wenye kamera mdomoni. Kijiwe kikiwa kikubwa mno kutoka, huacha mrija wa plastiki, stenti, ili nyongo ipite.

Mgonjwa hupata nafuu, na hapo ndipo nyumba nzima husahau. Mrija huo huziba. Hutolewa au kubadilishwa baada ya miezi 3 hivi. Kutoka Gwarama ni safari ndefu: andika tarehe, weka nauli mapema. Akipata homa ya kutetemeka, usidhani ni malaria tu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ukawaeleze ana mrija. Tumwombe Mungu, na tarehe tuitunze.