Fedha za Marehemu na Ndoto za Walio Hai

Wahenga walisema fedha fedheha, na fedheha hiyo haikawii kujitokeza matangani. Kaburi halijakauka, tayari yupo anayeuliza hati ya kiwanja i kwa nani na daftari la benki limewekwa wapi. Mambo haya si ya Mombasa wala Lamu peke yake. Mwaka 1959, jijini New York, mwandishi mwenye umri wa miaka 28 aliyafanya kuwa kiini cha tamthilia ambayo hadi leo husomeshwa katika nchi nyingi. Mwandishi huyo ni Lorraine Hansberry, na tamthilia yenyewe ni A Raisin in the Sun, yaani zabibu juani, jina alilolichota katika shairi la Langston Hughes. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kuonyeshwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za jiji hilo. Wiki hii, msomaji mpenzi, napenda tuitazame pamoja, kwani ndani yake mna swali ambalo nyumba nyingi zetu hulikuta mlangoni siku moja.

Hadithi yatukia Chicago, upande wa kusini wa jiji, ambako watu weusi walibanwa katika nyumba duni za kupanga. Jamaa watano wa ukoo wa Younger wanaishi katika vyumba vichache, choo wanachangia na majirani, na mtoto Travis hulala kwenye kochi la sebuleni. Baba wa nyumba amefariki baada ya maisha ya kazi ngumu, na kampuni ya bima inatarajiwa kuleta hundi ya dola 10,000. Kabla hundi haijafika, kila mmoja amekwisha kuitumia moyoni mwake. Bi Lena, mjane wa marehemu, anatamani nyumba yenye kibustani. Bintiye Beneatha anasomea udaktari. Mwanawe Walter Lee, mwenye miaka 35, ni dereva wa tajiri wa kizungu, naye amechoka kumfungulia mwenziwe mlango wa gari. Anataka kushirikiana na rafiki zake kufungua duka la vileo. Mama, ambaye ni Mkristo mshika dini, hataki hata kusikia biashara hiyo ikitajwa.

Tusiharakishe kumlaumu Walter kwa kutaka makubwa. Mtu aliyefikia umri ule, na ambaye hana cha kumwachia mwanawe ila hadithi za jinsi wazungu matajiri wanavyoishi, ana haki ya kukosa usingizi. Hansberry anamtendea insafu. Anatuonyesha kwamba tamaa yake imezaliwa na heshima aliyonyimwa. Kosa lake liko kwingine. Bi Lena anapoona jamaa zake wanasambaratika, anachukua dola 3,500 na kuzilipa rubuni ya nyumba katika mtaa wa Clybourne Park. Anamwona mwanawe akizama katika ulevi na huzuni, basi anamkabidhi dola 6,500 zilizobaki. Sharti lake ni moja: dola 3,000 ziwekwe benki kwa ajili ya masomo ya Beneatha, na zilizosalia azisimamie yeye kama mkuu wa nyumba. Walter anazitoa zote kwa rafiki yake Willy Harris, pamoja na zile za dada yake. Willy anatoroka nazo.

Hapo ndipo neno letu la amana linapopata uzito wake wote. Zile dola 3,000 hazikuwa za Walter hata kwa dakika moja, ingawa zilikuwa mfukoni mwake. Mwenzi wa biashara hakuandikiana naye mkataba, mama hakuarifiwa, dada hakuulizwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Lakini tukisema kweli, hata Bi Lena, pamoja na hekima yake, aliinunua nyumba kimyakimya kisha akaja kuwatangazia wenziwe. Katika nyumba ile kila mtu alimpenda mwenziwe, na hapana aliyekaa na mwenziwe wakashauriana hadi mwisho.

Sasa tuje kwenye ubaguzi. Mtaa wa Clybourne Park ni wa wazungu watupu. Bi Lena hakuuchagua ili kushindana na mtu. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya weusi zilikuwa mbali na bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Kabla hawajahama, anabisha hodi bwana mmoja aitwaye Karl Lindner, mjumbe wa chama cha wakazi. Hatukani wala hapazi sauti. Ameshika kofia yake, anazungumza juu ya maelewano na juu ya watu kuwa na raha zaidi wakiishi na wa aina yao. Mwisho anafungua mkoba: wenyeji wako tayari kuinunua nyumba hiyo kwa bei inayozidi ile waliyolipa. Huo ni ubaguzi uliovaa suti na kunena kwa adabu, nao ni mgumu kuupinga kuliko matusi, kwa sababu anayeupinga ndiye huonekana mkorofi.

Hansberry aliyajua hayo kwa kuyaishi. Mwaka 1937 baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika eneo la Chicago ambalo wenye nyumba walikuwa wamewekeana mkataba wa kutowauzia weusi. Jamaa ile ilizingirwa na umati wenye hasira, na kesi yao ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1940 mahakama hiyo iliwapa ushindi, lakini kwa hoja ya utaratibu wa kisheria. Mikataba yenyewe haikuguswa. Ni mwaka 1948, katika kesi nyingine, ndipo mahakama zilipokatazwa kuitekeleza mikataba ya namna hiyo.

Tazama lakini jinsi mambo yalivyofuatana jukwaani. Lindner alipokuja mara ya kwanza, Walter alimfukuza bila kusita. Baada ya fedha kupotea, ni Walter huyohuyo anayempigia simu arudi, yuko tayari kupiga magoti na kuipokea bei ya fedheha. Maneno ya Lindner hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nyumba iliyoyapokea. Dharau ya nje haikuwa na nguvu mpaka ilipokuta amana imevunjwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na ubaguzi wenyewe hauji kutoka kwa wazungu tu. Beneatha anaposwa na kijana mweusi wa jamaa tajiri, George Murchison, na yeye mwenyewe anajua kwamba matajiri hao hawatapenda kumpokea binti wa vyumba vya kupanga. Walter naye anamwambia dada yake aache udaktari, awe muuguzi kama wanawake wengine au aolewe anyamaze. Nasi tujitazame. Posa ngapi katika miji yetu ya pwani zimerudishwa, kijana ana dini, ana adabu na ana kazi, ila tu kwa sababu ya ukoo wake au rangi yake? Anayeirudisha hatukani. Hunena kwa upole mkubwa kwamba kila mtu ana raha zaidi kwa wa kwao.

Tamthilia haimalizikii kwenye aibu. Lindner anaporudi, Ruth, mkewe Walter, anataka kumtoa mtoto nje asione. Bi Lena anakataa. Travis atabaki, na babake atayatenda anayotaka kuyatenda mbele ya macho yake. Kwa kutazamwa na mwanawe, Walter anashindwa kujidhalilisha. Anamwambia mgeni kwamba watahamia katika nyumba ile kwa sababu marehemu baba yao aliilipia kwa jasho lake. Kabla ya hapo, Beneatha alipomkana kaka yake, mama alimkemea na kumfunza kwamba mtu huhitaji zaidi kupendwa siku aliyoanguka. Fedha hazikurudi, wala mtaa mpya hauwaahidi amani. Wanaondoka maskini kama walivyokuwa, lakini wote watano wamo katika safari moja.

Basi wenye kuachiwa mali, na wenye kuiacha, waketi pamoja mapema, vijana wa kiume na wa kike wakiwepo, haki ya kila mmoja iandikwe, na ndoto ya kila mmoja isikilizwe kabla haijageuka kuwa siri. Tukifanya hivyo, siku Lindner wetu atakapobisha hodi na mkoba wake, atatukuta tuna neno moja la kumjibu.