Nkambo Amenyamaza

Kwenu nyumbani nkambo angali anatania?

Kwetu Kolwezi nkambo mwanamume humwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu". Mjukuu wa kiume ni mshindani: "Wewe, unataka kuniiba bibi?" Baba na mtoto hawataniani hivyo, kuna heshima na fimbo katikati. Lakini nkambo na mjukuu wako sawasawa.

Nilipokuwa na miaka 5 nilicheka mpaka tumbo kuuma. Nilimpikia bukari ya udongo ndani ya kopo, naye alilalamika kwamba bibi yake anatia chumvi mingi. Nilipokuwa na miaka 14 aliniita vile vile mbele ya wenzangu wa masomo. Nikamwambia: "Nkambo, usiniite vile, naona haya." Akajibu tu: "Ndiyo, mama." Tangu siku ile aliniita kwa jina langu.

Kijana unayesoma, sikukemei. Katika umri wako mtu hucheka sana, lakini huwacheka wengine. Akichekwa yeye, anaumia kabisa.

Wakubwa mnakumbuka kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, waliocheza kwa Kiswahili chetu katika redio na televisheni. Mwaka 1986 walitunga hata mchezo juu ya usemi kwamba mamlaka huliwa mazima. Sisi watoto tulicheka sauti zao na namna ya kutembea. Baba alicheka pahali pengine, kwenye maneno ya deni na ugomvi wa nyumbani. Tulimtazama: anacheka nini? Sasa mimi pia nina madeni, njo nimefahamu.

Na wazee? Katika mpango wa mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 waliacha kazi ya Gécamines. Wakauita "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Mzee mmoja wa mtaa wetu, ukimuuliza habari ya afya, anajibu: "Magoti yangu nayo yamechukua départ volontaire." Wenzake wanacheka mpaka machozi. Vijana wananyamaza, wanamhurumia. Yeye hakuomba huruma.

Nkambo wangu alikufa bila kuniita tena "bibi yangu". Nilikuwa nimekwisha kuolewa, ningalifurahi, lakini sikujua namna ya kumwomba.

Juzi baba yangu alimwita binti yangu "bibi yangu" mbele ya rafiki zake. Ana miaka 13. Alikunja uso, akanitazama ili nimkataze nkambo wake. Mimi nilikuwa nimekwisha kucheka.