Wachezaji wa Delta Waandikwe

Katika historia ya kandanda ya nchi yetu, jina la Sunday Manara halitasahaulika upesi. Mshambuliaji huyo, aliyepewa na wapenzi wa mpira jina la "Kompyuta", ndiye aliyefunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza Yanga ilipoilaza Simba mabao 2-1 huko Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974. Kabla miaka ya 1970 haijakwisha alikuwa ameichezea Heracles ya Uholanzi, akiwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza Austria pia.

Austria hiyo nayo ina mshambuliaji wake isiyemsahau. Matthias Sindelar alikuwa mtoto wa mwashi, akakulia Favoriten, mtaa wa wafanyakazi jijini Vienna, na kujifunza mpira barabarani. Baba yake alikufa vitani mwaka 1917. Kwa wembamba wake watu walimwita "mtu wa karatasi". Timu ya mtaani, Hertha, ilimchukua mwaka 1918, angali kijana wa miaka 15. Mwaka 1931 alikuwamo katika timu ya taifa iliyoifunga Uskoti mabao 5-0, na mwaka 1934 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 3 Aprili 1938, majuma machache baada ya Ujerumani kuimeza nchi yake, alifunga bao moja kati ya mawili yaliyowashinda Wajerumani. Timu ya Hitler hakuichezea kamwe. Alifariki tarehe 23 Januari 1939, akiwa na umri wa miaka 35.

Twayaeleza hayo kwa sababu moja. Kijana huyo maskini alionwa na watu wa mtaa wake, kisha akaandikwa. Ndiyo maana hata leo mechi zake 43 za taifa zinahesabika. Kwetu sisi, atakayetaka kujua mabao ya washambuliaji wetu wa zamani atapata simulizi za wazee kabla hajapata kitabu. Na ikiwa hali ni hiyo kwa nyota wa Yanga na Simba, je, kijana wa Mbuchi atakumbukwa na nani?

Mbuchi imo katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Huko watoto hucheza chandimu kama watoto wa Kariakoo. Lakini katika vijiji vingi vya delta safari hufuata maji kujaa na kupwa, na mteuzi wa timu ya wilaya hawezi kufika kila wiki. Matokeo yake ni dhahiri: huteuliwa wale wanaojulikana, nao wanaojulikana ni wale walio karibu na barabara.

Wapo watakaosema kwamba delta ina mahitaji makubwa zaidi, kama vile zahanati, maji safi na kinga dhidi ya mafuriko mfano wa yale ya mwaka 2024. Hatubishani nao. Lakini tunaloliomba halitapunguza hata mfuko mmoja wa saruji wa zahanati. Tunaomba daftari. Kila kata ya delta, kuanzia Mbuchi, imteue mwalimu mmoja wa michezo aandike kila mechi: tarehe, timu, majina ya wachezaji, umri wao na wafungaji. Nakala ipelekwe wilayani kabla ya uteuzi wa UMITASHUMTA na UMISSETA, na wateuzi walazimike kuisoma.

Daftari halimfanyi mtu kuwa mchezaji. Hata hivyo litamnyima mteuzi udhuru wa kusema kwamba hakujua. Viongozi wa michezo wa Kibiti wanaweza kulianza jambo hili msimu huu, bila kungoja fungu kutoka popote. Tunawahimiza waanze.