Kigoda cha Mtu wa Kale

Ndugu msomaji, sisi watu wa Ngara na Biharamulo tunaishi karibu na mpaka. Jirani zetu ni Rwanda na Burundi. Watoto wetu shuleni wanasoma habari za watawala na vita. Hayo ni mema. Lakini watu wa kawaida waliishije hapa? Walikula nini njaa ilipoingia? Majembe waliyapata wapi? Mto waliuvukaje? Mimi naona darasa la kisomo ni mahali pazuri pa kujifunza mambo hayo.

Njia yake ni rahisi. Tunaweka kigoda katikati ya darasa. Mwanakisomo mmoja anakaa. Sasa yeye ni mtu wa kale. Labda ni mfua majembe, labda ni mpagazi, labda ni mama wa nyumbani. Wenzake wanamwuliza maswali, naye anajibu kama mtu wa siku zile.

Lakini kuna sharti. Kabla ya kukaa, lazima awe amekwenda kumwuliza mzee. Na asipojua jibu, asitunge. Aseme, "Hilo sikumwuliza mzee." Kisha aende akaulize.

Wako wanaosema kuwa huu ni mchezo tu. Wanasema, "Sisi tumekuja kusoma na kuhesabu." Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Tazameni mfano huu.

Mwaka 1861 Mwingereza aitwaye Speke alipita katika nchi ya Usui. Mtawala wake alikuwa Suwarora. Speke alitozwa hongo ya waya, nguo na ushanga, akakasirika sana. Habari hizo aliziandika kitabuni. Yeye aliandika alivyoona yeye. Mkulima wa Usui hakuandika kitu. Kwa hiyo leo tunajua hasira ya mgeni kuliko tunavyojua maisha ya mwenyeji.

Tazameni na mpaka wenyewe. Zamani Bugufi ilikuwa sehemu ya Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakoloni waligawana nchi, Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Mstari ulichorwa, lakini ndoa na lugha hazikukatika. Hata leo Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Wazee wanajua ndugu walivyotembeleana. Ramani haisemi hayo.

Wakati wa Waingereza vijana wengi wa Bugufi walikwenda Uganda kwa miguu, kulima pamba na kahawa za watu. Katika darasa moja mama mmoja alikaa kigodani kama mke wa kijana wa namna hiyo. Wanaume waliuliza, "Mumeo alileta nini?" Wanawake waliuliza, "Ulilima peke yako misimu mingapi?" Mama alijibu, "Hilo sikumwuliza bibi." Alikwenda kuuliza. Wiki iliyofuata alisema, "Misimu minne. Na msimu wa tatu alilima na mtoto mgongoni." Kisha akaandika maneno hayo ubaoni kwa mkono wake. Je, huko si kusoma? Je, huko si kuhesabu?

Lakini tuwe waangalifu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu. Walikuwa wakitoka Rwanda. Wengi wao hawakuwa na hatia, lakini walikuwamo pia watu walioshiriki mauaji. Kambi kubwa ilijengwa Benako. Walikaa mpaka Desemba 1996. Vijana wetu waliozaliwa baadaye husikia mambo mawili tu: wakimbizi walikata miti yetu, au wakimbizi walikuwa ndugu zetu. Ukweli ni mpana zaidi. Nani aligawa maji? Nani aliuza ndizi, na kwa bei gani? Nani alipoteza shamba? Wenye kujua tuko nao kijijini.

Mambo hayo tuyaulize, lakini tusiyaigize. Maumivu ya mtu aliye hai si mchezo. Asiyetaka kusema, tumwache. Anayetaka kusema, tumsikilize na kuandika.

Mtu aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 21 tulipopata Uhuru mwaka 1961. Wazee wa umri huo wamebaki wachache. Babu yangu mwenyewe alikwenda Uganda kwa miguu. Mimi nilikuwa na kalamu na daftari tangu utotoni. Sikumwuliza. Sasa amefariki, na njia aliyopita siijui.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za wazee nazo ni mali. Zamani tuliweza kusema kwamba hatujui kuandika. Sasa tunajua. Basi jioni ya leo, ndugu msomaji, chukua daftari lako, nenda kwa mzee, umwamkie, ukae chini, umwulize.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtu wa kigodani hatakiwi kutunga majibu?

2. Mwulize mzee mmoja wa kiume na mmoja wa kike jambo lile lile. Majibu yao yanatofautianaje?

3. Andika sentensi tano kuhusu kazi moja ya zamani katika kijiji chako.