Kabla ya kuzika kompresa, fuata waya

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukadhani halikuhusu ndewe wala sikio: kiyoyozi kilichokataa kuwaka ndani ya karavani. Najua utasema, "Mimi kiyoyozi sina, na hiyo karavani ndiyo kabisa!" Subiri kidogo. Ikiwa nyumbani kwako kuna friji, friza au pampu ya maji, basi kisa hiki ni chako pia.

Hapa Kileleshwa, zile nyumba za zamani zenye paa la vigae na uwanja mpana zinazidi kupungua, na magorofa yanazidi kuota. Hata hivyo chache zimesalia, na nyuma ya mojawapo, si mbali na Barabara ya Othaya, anaishi jirani yangu ambaye riziki yake ni kupamba keki. Amepanga ile nyumba ndogo ya nyuma iliyojengewa watumishi zamani. Humo huoka, lakini nafasi ya kupambia hana. Kwa hivyo alinunua karavani kuukuu kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama, akaiegesha uani. Karavani, kwa wasioifahamu, ni chumba chenye magurudumu kinachokokotwa na gari. Wenyewe waliitumia kwenda kupiga kambi Naivasha, na juu ya paa lake waliweka kiyoyozi.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wengi wetu huzaliwa na kuzeeka hapa bila kukihitaji kiyoyozi. Lakini sanduku la bati likipigwa na jua la Februari huwa tanuri, na krimu ya keki haijui kuvumilia. Bila kiyoyozi, maua ya krimu huinama kama mgonjwa aliyekatazwa chakula.

Sasa sikiliza yaliyompata. Ilikuwa Jumatano, na keki ya arusi ya ngazi tatu ilitakiwa Jumamosi asubuhi. Malipo ya kwanza alikwisha kuyapokea na kuyalipia karo ya mtoto. Mchana alipobonyeza rimoti, feni ilizunguka vizuri, kisha pakasikika mngurumo wa sekunde chache, halafu "tak!" na kimya. Akangoja, akajaribu tena. Mngurumo, "tak!", kimya.

Fundi wa kwanza alifika, akasikiliza, akasema gesi imeisha. Akaongeza gesi, akalipwa, akaenda. Alhamisi asubuhi kiyoyozi kiliwaka, na jirani yangu akamshukuru Mungu. Kufika saa saba mchana kikagoma tena. Safari hii fundi yule alitangaza msiba: kompresa imekufa, na nyingine pamoja na kazi ni Sh45,000. Mama wa watu akachukua simu kumpigia mweka hazina wa chama chao, aombe mkopo.

Ndipo mwenye nyumba alipomkumbuka mzee mmoja, fundi wa stima aliyestaafu. Mimi nilikuwapo alipokuja. Hakukigusa kiyoyozi. Aliuliza swali moja tu.

"Mama, stima ya hapa inatoka wapi?"

"Inatoka jikoni kwa nyumba kubwa, mzee."

"Basi twende huko tuanze."

Tukafuata waya. Ulitoka katika dirisha la jikoni, ukapita juu ya nyasi, ukafika kwenye gurudumu lake, lile la kuviringia, lililokuwa limelala kando ya karavani. Zaidi ya nusu ya waya ilikuwa bado imeviringwa. Mzee aliniambia niweke mkono. Ulikuwa moto kama chapati inayotoka kikaangoni. Jikoni, plagi ilikuwa na alama ya kahawia kama sufuria iliyoungua, na katika soketi iyo hiyo palikuwa na birika la stima. Pembeni, msichana wa kazi alikuwa akipiga pasi.

Mzee alitoa mita yake ndogo, akapima stima ndani ya karavani kabla kiyoyozi hakijawashwa. Volti 220. Akaomba kiwashwe. Mngurumo ulipoanza, namba ilianguka hadi 184, kisha "tak!" Akatabasamu.

"Mama, mgonjwa wako hana ugonjwa. Ana njaa."

Mpenzi msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Hebu nikueleze jinsi nilivyoyaelewa.

Kompresa ni pampu inayosukuma gesi ya kupozea. Ikishaanza kuzunguka, kiyoyozi kidogo kama kile huvuta ampea 5 hivi. Lakini wakati wa kuanza, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, huvuta mara nne, tano au hata sita ya hizo. Ni kama mkokoteni wa viazi: kuung'oa pale uliposimama kunahitaji wanaume wanne, ukishatembea mmoja anatosha.

Waya nao ni kama mfereji. Ukiwa mrefu na mwembamba, maji hayafiki kwa nguvu. Waya wa shaba wa mita 50 wenye unene wa milimita mraba 1 hupoteza volti 9 hivi ukipitisha ampea 5, jambo ambalo hata hutalitambua. Ukipitisha ampea 20 za kuanzia, hupoteza 36 hivi. Toa hizo katika 220 zilizokuwa zimebaki kwa sababu ya birika na pasi, utapata zile 184 za mzee. Isitoshe, nguvu za kompresa za kuanzia hupungua haraka kuliko volti zenyewe. Mashine ya volti 240 ikipewa 184 hubakiwa na asilimia 60 hivi tu ya nguvu hizo. Haiwezi kung'oka. Inanguruma, inapata moto, na kinga yake ya ndani inakata ili isiungue. Hiyo ndiyo "tak!" uliyoisikia.

Na kwa nini asubuhi kiliwaka? Kwa sababu asubuhi paa lilikuwa baridi, gesi ndani ya mabomba haikuwa na msukumo mkubwa, na jikoni hakuna aliyepiga pasi. Mzigo ulikuwa mwepesi na stima ilitosha. Gesi ile iliyoongezwa haikuhusika kamwe.

Tukio hili si la Kileleshwa peke yake. Kule Marekani, ambako mamilioni ya watu husafiri na nyumba za magurudumu, stima ya kawaida ni ya volti 120, nusu ya yetu. Kazi ile ile hudai ampea maradufu, na kwa hivyo waya mwembamba huumiza zaidi. Katika kambi zao hulalamika vivyo hivyo siku za joto, kila mtu anapowasha kiyoyozi chake, na madukani huuzwa vifaa vya kuifanya kompresa ianze polepole.

Basi kifaa chako kikikataa kuwaka, ufanyeje kabla ya kumwita fundi?

Kwanza, tazama rimoti. Huenda betri zimeisha, au imewekwa kwenye feni badala ya ubaridi. Angalia pia nyuzi za joto ulizochagua. Ukikiagiza kipoze hadi nyuzi 24 asubuhi ya Julai, huku chumba kiko nyuzi 18, kompresa haitaanza, na iko sahihi. Hakuna cha kupoza!

Pili, tumia masikio. Kimya kabisa, bila feni wala taa, maana yake stima haifiki: angalia swichi, soketi, na fyuzi iliyo ndani ya plagi. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kiasi kile kile. Ole wako ukiweka kipande cha waya au karatasi ya sigara! Lakini ukisikia mngurumo na "tak!", stima inafika ila pengine haitoshi, au kuna kifaa cha kuanzishia kilichochoka.

Tatu, fuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, ni mrefu kupita kiasi? Umeviringwa? Umepata moto? Plagi imebadilika rangi? Waya ulioviringwa huku unabeba mzigo mkubwa hukusanya joto mpaka plastiki ikayeyuka, na moto wa nyumba huanzia hapo. Ukiona dalili hizo, zima, chomoa, na usijaribu tena.

Nne, angalia nani mwingine anakula katika sahani hiyo. Birika, pasi na jiko dogo la stima ni walaji wakubwa. Vipumzishe, kisha ujaribu tena.

Tano, subiri. Kompresa ikizimika, gesi huhitaji dakika tatu hadi tano kutulia ndani ya mabomba. Ukibonyeza tena na tena kwa hasira, kila jaribio huichoma kidogo, na mwishowe ule msiba uliotangaziwa kwa uongo utakuwa wa kweli.

Sita, safisha kichujio cha hewa. Kikizibwa na vumbi au mafuta ya jikoni, kiyoyozi hupoza vibaya. Mapezi ya upande wa nje nayo yakiziba, kompresa hulemewa.

Hapo ndipo pa kumwita fundi. Naye akifika, mwombe apime volti pale pale kwenye mashine wakati inapojaribu kuanza, si wakati imelala. Kisha apime kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia kompresa kung'oka. Kikivimba au kuchoka, mngurumo ni ule ule, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kompresa. Tafadhali usikifungue mwenyewe, kwani huhifadhi stima hata baada ya plagi kuchomolewa. Kompresa iwe ya mwisho kushtakiwa. Na ukiambiwa gesi imeisha, kumbuka kwamba gesi hii hailiwi kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Uliza tundu liko wapi.

Sisemi kwamba mafundi wote ni walaghai. La hasha! Wengi ni waaminifu, na wengine hukosea kwa haraka tu. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutoa leseni kwa mafundi wa stima, na si utovu wa adabu kuomba kuiona. Kadhalika, usifikiri jenereta ndogo ya petroli itakuokoa. Nyingi haziwezi kuing'oa kompresa, na moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Isiwashwe ndani ya chumba wala karavani kamwe, wala karibu na dirisha.

Kwa friji na friza zetu, somo ni lilo hilo. Stima hupotea na kurudi bila kubisha hodi. Juni 7, 2016, tumbili aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru alituachia giza karibu nchi nzima. Stima ikirudi huweza kuyumba, na friji ikalazimishwa kuanza kabla ya wakati. Kile kifaa cha kulinda friji hukata volti zikiwa mbaya na kungoja dakika chache kabla ya kuiruhusu iwake. Usimpe jirani plagi yako ya friji kwa waya mwembamba, na usiichomeke friza pamoja na pasi.

Na jirani yangu je? Mzee aliukunjua waya wote, akauhamishia kwenye soketi nyingine ambayo haijaungua, akaamuru birika na pasi zipumzike mpaka usiku. Tukangoja dakika tano. Rimoti ikabonyezwa. Mngurumo, kidogo tu, halafu kompresa ikashika kazi yake kama isiyojua lolote. Mama wa watu alikaa chini kwenye ngazi ya karavani, akafuta machozi kwa aproni yenye sukari. Ile simu kwa mweka hazina hakuimaliza.

Keki ilifika arusini Jumamosi ikiwa imesimama wima. Jumatatu, fundi mwenye leseni alipitisha waya mnene wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye kisanduku cha stima cha nyumba kubwa, ukiwa na swichi yake ya usalama. Gharama yote haikufika robo ya zile Sh45,000.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingine, mpenzi msomaji, kimelala juu ya nyasi, kimeviringwa, na unakiruka kila siku ukipita. Kwaheri hadi Jumapili ijayo.