Muheza mgeni wetu ni mti

Kome wageni walioonekana kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988 waliingia na maji ya meli, hakuna aliyewakaribisha. Sisi huku Amani, Muheza, mgeni wetu tulimpanda kwa mikono: musizi, mti wa Bukoba na Uganda, ulioletwa kwenye bustani ya majaribio enzi za Wajerumani. Ukatulia miaka mingi. Baadaye misumeno ikaingia msituni, ikaacha mapengo, musizi ukawahi mwanga. Hondohondo humeza tunda, mbegu anaiangusha mbali. Chini ya mti anaotua miche imeota kama mchicha.

Wanaosema "musizi ukatwe wote kesho" hawaijui Usambara. Ukiuangusha ghafla umefungua pengo jingine, na pengo ndilo musizi unalolitaka. Halafu wenye mashamba wanaupenda (siwalaumu), unakua upesi na unatoa mbao na kuni. Mimi ningeanza kukata ile miti ya musizi inayozaa kando ya msitu wa asili, kidogokidogo, na mwenye shamba apewe miche ya msambu, ambao mbegu zake zina mafuta yanayouzika.